Kwa nini wengine wanadisko shule ya chopa

CHALII: Oya oya, tupo hewani, mambo vipi watu wangu. Mimi chalii wenu niko hapa Sakina, Arusha, na dada Manka kapanda Kosta toka Moshi asubuhi na mapema ndo kafika saa hizi.

MANKA: Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Usa River tumekaa pale jua linawaka, konda anasema dakika mbili, dakika mbili zenyewe nusu saa. Halafu juu ikapita chopa inaelekea mlimani nikajisemea wenzetu hao.

CHALII: Ndo mada yetu hiyo sasa. Kwamba wanaofundishwa kurusha chopa za jeshi, watu wamechujwa, afya safi, akili ipo, mbona wengine wanadisko, yaani wanaachishwa masomo, katikati? Nianze kwa kujianika. Mshkaji wangu hapa jirani ana kompyuta ya gemu na joystiki, akaniwekea chopa, akasema usiende popote, wewe itulize tu hewani mita mbili juu ya ardhi. Manka, nimeangusha chopa kumi na moja kabla ya chai.

MANKA: Kumi na moja! Serikali ingekukata mshahara mpaka wajukuu.

CHALII: Acha. Ndege ya mabawa ukiiachia kidogo inaenda yenyewe, chopa haina hiyo. Mkono wa kushoto una mti kama hendibreki, ukivuta unapanda. Wa kulia una mti wa katikati, huo wa mbele nyuma kushoto kulia. Miguu kwenye pedali, zinaongoza lile panga dogo la mkiani ili pua isizunguke. Sasa vuta hendibreki uone, lile panga boi kubwa la juu linadai nguvu zaidi, pua inageuka, unaweka mguu, ukiweka mguu inaanza kuserereka pembeni, unarekebisha na mkono wa kulia, ukirekebisha inashuka kidogo, unavuta tena hendibreki, haya umerudi ulipoanzia na jasho linakutoka.

MANKA: Ni kubembeleza mtoto mgongoni huku ugali uko jikoni na mtu anapiga hodi.

CHALII: Hasa! Na kosa la kila mgeni ni lilelile, unachelewa kuona halafu unazidisha. Imeenda kushoto, unaisukuma kulia kwa hasira, kumbe ilishaanza kurudi yenyewe, basi inapepesuka kama mlevi wa mbege. Dawa yake ni kulegeza mkono na kutazama mbali, kule kwenye miti, usitazame chini ya miguu.

MANKA: Ila sikia, kutulia hewani karibu kila mtu huwa anakuja kukuweza. Kama baiskeli, jana ulikuwa unaanguka, leo unashangaa inakubali. Mimi naona kinachowadisko wengi ni kalenda. Jeshi limekupangia masaa ya kuruka. Ukishika somo saa ya kumi na nne wakati ratiba ilikutaka saa ya kumi, mkono unao lakini umechelewa, na nyuma yako kuna darasa lingine linasubiri chopa hiyohiyo na mwalimu huyohuyo.

CHALII: Kwa hiyo mtu anarudishwa si kwamba hawezi?

MANKA: Wapo wasioweza, sikatai. Ila wapo ambao wangepewa masaa kumi zaidi wangekuwa marubani wazuri tu. Chukua Wamarekani wakati wa vita ya Vietnam, walikuwa na shule ya hatua ya kwanza ya chopa kwenye kambi ya Fort Wolters, pale Texas karibu na mji wa Mineral Wells, ilifanya kazi mpaka 1973. Wakati ule walihitaji marubani kwa maelfu. Kulikuwa na vichopa vya Hughes, TH-55, injini ya pistoni, na mkono wa kushoto juu ya kuvuta hendibreki unazungusha na mshikio wa mafuta kama wa bodaboda ili mzunguko wa injini usipande wala kushuka. Mzigo juu ya mzigo. Ukirusha peke yako mara ya kwanza wenzako wanakubeba wanakutupa kwenye bwawa la kuogelea la hoteli moja ya pale mjini. Sasa fikiria wewe ndo uko darasa lile, wenzako wanalowana mmoja mmoja, na wewe bado mkavu.

CHALII: Aisee. Mkavu wa aibu.

MANKA: Na presha ya hivyo inaingia mpaka mkononi. Unakaza, chopa nayo inakataa zaidi.

CHALII: Siku hizi wanafundishwa wapi?

MANKA: Fort Rucker, Alabama. 2023 wakaibadilisha jina ikaitwa Fort Novosel, 2025 wakairudisha Rucker, ina majina mawili kama mtoto wa Kichaga. Kwa miaka mingi wanafunzi wameanzia kwenye Lakota, UH-72, ya injini mbili. Na hata mlangoni wanakuchuja, kuna mtihani unaitwa SIFT, alama ya kupita ni 40, unaruhusiwa kuufanya mara mbili tu maishani. Ukifeli hizo mbili, basi, hata ungekuja na mchungaji.

CHALII: Kwa hiyo aliyefika darasani kichwa anacho. Kinamshinda nini sasa?

MANKA: Meza.

CHALII: Meza gani tena?

MANKA: Asubuhi kabla ya kuruka unakaa na mwalimu mezani, anakuuliza. Joto la injini mwisho ngapi. Taa fulani ikiwaka unafanya nini, hatua kwa hatua, na usibadilishe neno. Zile hatua za dharura hutakiwi kuzielewa tu, unakariri kama Baba Yetu, kwa sababu injini ikizima hewani hakuna muda wa kufungua desa. Inabidi ushushe ule mkono wa kushoto palepale ili upepo unaopanda kutoka chini uendelee kuzungusha mapanga, ukichelewa sekunde kadhaa mzunguko umeshakufa na haurudi. Sasa wewe mezani umeduwaa, mwalimu anajiuliza, hapa chini pametulia na ana kikombe cha kahawa kashindwa, kule juu itakuwaje?

CHALII: Hapo ningekufa mimi. Mimi chuo nilikuwa mtu wa kudesa usiku wa mwisho.

MANKA: Na hao ndo wanaochujwa, nakwambia bila kukuficha. Kule hakuna usiku wa mwisho, kila siku ni mtihani na kila siku unaandikiwa. Halafu ngoja nikupe yangu. Mimi nimejifunza gari Moshi, na gari naliweza, nimezunguka mjini wiki nzima vizuri. Siku ya mtihani trafiki kakaa pembeni, hasemi kitu, kashika faili tu. Nimefika kiplefti ya mnara wa saa pale, akili ikahama. Nani ana haki ya kupita, sijui. Gia nambari ngapi, sijui. Nikasimama katikati, daladala zinapiga honi, mmoja akanitukana mpaka bibi yangu.

CHALII: Hahaha, ukafeli?

MANKA: Nikafeli kihalali kabisa. Ndo maana nawaelewa. Kwenye shule ya chopa mwisho wa kila hatua anakuja mtahini ambaye sio mwalimu wako, hamjuani, na yule aliyerusha vizuri jana anakuwa mtu mwingine. Ukifeli mara ya kwanza kwa kawaida unaongezwa masaa unarudia, au unasogezwa darasa la nyuma. Ukirudia kufeli linaitwa baraza, wanapitia makaratasi yako toka siku ya kwanza.

CHALII: Kuna kitu kingine nilisoma kikanitisha, kuruka kwa vyombo. Wanakuziba usione nje, unaona saa za mbele tu, vile vipimo vya chopa. Masikio ya ndani yanakwambia chopa imelala kulia, saa inasema imenyooka. Unamwamini nani? Na masikio umezaliwa nayo bwana! Wengine wanatapika tu, kila siku, na mwili ukigoma kuzoea ndo safari imeisha.

MANKA: Na ile ya maji je? Mnafungwa mikanda ndani ya kitu kama bodi la chopa, kinazamishwa bwawani kinapinduliwa, mtoke wenyewe.

CHALII: Mimi mtu wa Sakina maji yangu ni ya ndoo. Hapo naandika barua ya kuacha siku hiyohiyo.

MANKA: Usicheke, wapo wanaoandika. Wanajitoa wenyewe, na sio wote waoga. Tangu Oktoba 2020 ukimaliza shule ile jeshi la Marekani linakudai miaka kumi ya utumishi. Mtu ana mchumba, amegundua hata kuruka kwenyewe anakuogopa, anakaa anapiga hesabu. Na aliyejitoa au kudisko mara nyingi harudi nyumbani, anapangiwa kazi nyingine hukohuko jeshini, anaziona chopa zinapita juu.

CHALII: Hiyo inauma kuliko matusi ya daladala.

MANKA: Inauma. Na wengine wameponzwa na kuficha. Somo limekupita Jumatatu, unaona aibu kuuliza, Jumanne yamepita mawili, Ijumaa hujui hata uanze wapi. Wenzako wanaulizana usiku kwa makundi na wewe uko chumbani na aibu yako.

CHALII: Halafu hao wamefundishwa Alabama tambarare chini kule. Uwanja wetu wa Kisongo peke yake uko karibu mita 1,400, ukielekea Kibo hewa inazidi kuwa nyepesi, panga boi linakosa cha kushika, chopa inayopanda vizuri Dar huku inakuwa mzee wa ngazi. Lakini hiyo tutaifanyia kipindi chake. Mara ya pili kwa trafiki ulipita?

MANKA: Nilipita. Ila ile kiplefti mpaka leo naizunguka mara mbili ndo nachomoka.