Kamba ya Wanyoike

Asanteni, kaeni basi. Kwenye ratiba mmeandika nimekuja kuwatia moyo watu wenye ulemavu, na mimi kila nikialikwa nasema hilohilo, hao moyo wanao tele, leo nimewajia nyinyi mnaojenga maghorofa bila lifti.

Tumchukue Henry Wanyoike, maana mkutano kama huu lazima atajwe. Kijana wa Kikuyu kule Kiambu, mkimbiaji, 1995 kiharusi kikampata, akaamka haoni. Wengi mkifika hapo mnaruka moja kwa moja hadi Paralimpiki, michezo ya watu wenye ulemavu, Sydney 2000, dhahabu ya mita 5,000, makofi. Ngojeni kwanza! Mbio zile unakimbia na mwenzako ubavuni, mmeshikana kwa kamba fupi, yeye ndiye macho yako, kona hii, huyu mpite, bado raundi moja. Sasa siku ile mwenzake, John Kibuchi, alikuwa mgonjwa, karibu na mwisho miguu ikakataa kabisa, na kanuni haikuruhusu umwache, ukifika peke yako hujafika. Basi Wanyoike asiyeona akamkokota anayeona mpaka kwenye mstari, na wakashinda.

Mkisimulia mnasema "ona kipofu kavuta mwenye macho, wewe una kisingizio gani?" Hapo ndipo mnaniudhi. Bila kamba hakuna mbio jamani! Athens 2004 alichukua dhahabu mbili, 5,000 na 10,000, safari hii na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni. Na wa kukushikia kamba lazima awe na kasi kama yako au zaidi, kwa hiyo Kibunja naye alikuwa barabarani kila siku akifanya mazoezi ya mbio ambazo si zake. Ni nani anayealika watu waje kumsikia Kibunja?

Kuna mtu hapo nyuma atasema lakini hadithi inatia moyo mwalimu. Inatia, sijakataa. Ila ukimwambia msichana wa kiti cha magurudumu ajikaze, na yuko stejini matatu zinampita tu kwa sababu makanga hataki kupoteza dakika mbili akunje kiti, unamtia moyo aende wapi? Apae?

Mwingine ataniambia pesa hakuna. Rampu ukiiweka kwenye ramani tangu mwanzo ni simiti na mteremko, gharama inakuja ukishamaliza kujenga ndiyo uanze kubomoa. Na utamwona mzee wa magoti anapita hapohapo, mama na mtoto kwenye kigari, hata jamaa wa kuleta kreti za soda.

Sheria zipo, msinifanye nizisome. Katiba ya 2010, ibara ya 54, angalau asilimia 5 ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa, itekelezwe hatua kwa hatua, na hizo hatua ni za kinyonga. Ibara ya 120 imefanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, vizuri sana, haya, mama kiziwi yuko leba saa nane usiku, nani anamtafsiria? Mtoto wake wa darasa la pili? Hili nilitaka niliseme kwa kirefu lakini MC ananionyesha saa.

Ya ushuru naacha, ya shule naacha. Maswali. Tuanze na wenye kampuni, na nyinyi ndio mtajibu: mmeajiri wangapi, na choo chao kiko ghorofa ya ngapi?