Featherstone 26, London 36: Namna ya Kusoma Matokeo ya Daraja la Pili

Waandishi wenzangu, asanteni kwa kufika, na nyinyi vijana mnaoanza kazi ya habari za michezo, karibuni sana.

Nitaanza na matokeo ya mechi moja. Oktoba 2023, nusu fainali ya ligi ya daraja la pili ya raga ya ligi nchini Uingereza: Featherstone Rovers 26, London Broncos 36. Wenyeji walikuwa Featherstone.

Mstari kama huo ukiingia kwenye meza ya habari usiku, tunauandika kama ulivyo kisha tunarudi kwenye soka. Leo nimekuja kuwaomba tusiupite haraka hivyo.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Wengi wenu mnaijua raga ya wachezaji 15, ile ya Nairobi, Nakuru na Kampala, na mnaijua ile ya wachezaji saba iliyotupa Kombe la Singapore mwaka 2016. Hii ni nyingine. Ina wachezaji 13 kila upande. Timu yenye mpira ikiangushwa mara sita, inauachia mpira kwa wapinzani. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ni pointi nne, mkwaju wa kuiongezea ni mbili, penalti ni mbili, na mpira uliodundishwa na kupigwa katikati ya miti wakati mchezo unaendelea ni pointi moja. Ilizaliwa Agosti 1895 katika hoteli ya George mjini Huddersfield, pale vilabu vya kaskazini vilipojitenga. Wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na vibarua wa viwandani. Wakienda kucheza Jumamosi, ujira wa siku ulipotea, na vilabu vilitaka kuwafidia. Wakubwa wa mchezo walikataa. Kwa hiyo ugomvi ulioigawa raga ulikuwa wa ujira wa mfanyakazi, na hilo mlikumbuke kila mnaposoma majina ya miji katika mchezo huu: Batley, Leigh, Halifax, Featherstone.

Featherstone ni mji wa Yorkshire wenye watu wapatao 15,000. Mji huo uliishi kwa makaa ya mawe. Mwaka 1893 wachimba migodi waliokuwa wamefungiwa kazi walipigwa risasi na askari hapo hapo, na wawili wakafa. Mgodi wa Ackton Hall ulifungwa mwaka 1985, mara tu baada ya ule mgomo mkubwa wa wachimba migodi. Uwanja upo Post Office Road, barabara ya posta, na nyumba za watu zimeuzunguka. Klabu ya mji huo mdogo ilichukua ubingwa wa nchi msimu wa 1976–77, ikabeba Kombe la Challenge, lile la mtoano, mara tatu: 1967, 1973 na 1983. Ile ya 1983, Wembley, waliwafunga Hull 14 kwa 12, na hakuna aliyewapa nafasi. Super League, ligi kuu ya mchezo huu, ilipoundwa mwaka 1996, Featherstone waliachwa nje. Wamekuwa wakigonga mlango huo tangu siku hiyo.

Sasa tuyapange matokeo yao, maana mechi moja peke yake haitawaambia kitu. Kumbukeni kwamba timu za juu za jedwali huingia mchujo, na fainali ya mchujo ndiyo humtoa bingwa. Mwaka 2010 waliongoza jedwali, wakafika fainali, Halifax wakawafunga 23 kwa 22 katika muda wa ziada, kwa ile pointi moja ya mpira wa kudundisha. Mwaka 2011 wakaongoza tena, na safari hii wakaichukua fainali: 40 kwa 4 dhidi ya Sheffield. Arobaini kwa nne! Lakini hawakupanda. Miaka ile nafasi ya Super League ilitolewa kwa leseni, na Widnes walikuwa wamekwisha kupewa tangu Machi, ligi ikiwa changa. Mwaka 2012 Sheffield wakawalipiza, 20 kwa 16. Mwaka 2019, milango ikiwa imefunguliwa upya na mshindi wa fainali akipanda, Featherstone walimaliza wa tano, wakapenya mchujo wote hadi fainali kwa Toronto, klabu ya Kanada iliyokuwa ikicheza ligi hiyo, na huko wakalala 24 kwa 6. Mwaka 2021 Toulouse ya Ufaransa iliwafunga fainali 34 kwa 12. Mwaka 2022 walitolewa nusu fainali na Batley, nyumbani kwao. Ndipo ikaja 2023. Wameongoza jedwali, wamewaacha wenzao wote, na anayekuja mlangoni ni London aliyemaliza wa tano. 26 kwa 36.

Mnaona sasa? Mzee wa Featherstone aliyekuwa jukwaani siku ile hakuona mechi moja. Aliziona zote hizo kwa pamoja.

Na huyo London naye ana hesabu zake. Oktoba 2018 alikwenda Toronto kucheza mechi ya mwisho ya kupanda daraja, akashinda 4 kwa 2. Hayo ni matokeo ninayoyarudia kila mara nikifundisha. Katika raga ya ligi, ambako timu hufikisha pointi 30 bila ajabu, dakika 80 zilipita bila trai hata moja, penalti tupu. Mwandishi akiona 4 kwa 2 ajue kulikuwa na ulinzi wa kufa na kupona, na watu waliokuwa wanaogopa kukosea. London akapanda. Msimu wa 2019 akashinda mechi kumi, akafikisha pointi 20 za jedwali sawa na Hull KR, na akashushwa kwa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Toronto, waliokuwa wamefungwa ile 4 kwa 2, walishinda mechi 26 kati ya 27 mwaka huo wa 2019 na kupanda. Julai 2020, katikati ya korona, wakajiondoa ligini wakiwa hawajashinda hata mechi moja ya Super League. Hawakurudishwa.

Turudi 2023. London, baada ya kuwatoa Featherstone, alisafiri hadi Toulouse akashinda fainali 18 kwa 14. Kikombe kikanyanyuliwa. Mwezi huo huo ikatoka orodha ya majaribio ya mfumo mpya wa kupima vilabu kwa alama 20, ili kuamua nani aingie Super League: mashabiki, fedha, uwanja, kazi za jamii, na matokeo ya uwanjani. Matokeo yalipewa alama tano tu, yaani robo. Katika orodha hiyo ya majaribio London alikuwa wa 24. Maana yake timu iliyokuwa imepanda kwa jasho ilijua, kabla ya kupiga mpira wa kwanza wa 2024, kwamba karibu hakuna ushindi ambao ungeiokoa. Ilishinda mechi tatu, ikamaliza mkiani, ikashuka.

Waliobuni mfumo huo wana hoja, na nitaitaja kwa haki. Vilabu vilikuwa vinatapanya fedha kusaka mwaka mmoja wa utukufu, kisha vinaporomoka; mfano wa Toronto upo wazi. Klabu yenye uwanja mzuri na vitabu vya hesabu vilivyonyooka ina faida kwa mchezo mzima. Nalikubali hilo. Lakini siwezi kukubali kwamba ushindi wa mlangoni uwe robo ya mtihani. Mji wa 15,000 hauwezi kujaza uwanja kama Leeds, hata ufanye nini. Kitu pekee ambacho Featherstone angeweza kumzidi nacho mkubwa ni kumfunga, kama alivyomfunga Hull mwaka 1983. Ukilipunguza hilo, umempunguzia silaha yake ya pekee. Linaniuma, na naomba liwaume nanyi mnapoandika.

Kwa hiyo mkiandika matokeo ya daraja la pili, andikeni na nafasi ya timu kwenye jedwali, andikeni nani alikuwa mwenyeji, na zaidi ya yote andikeni ushindi huo unafungua nini. Mkikosa nafasi gazetini, kateni maelezo ya trai ya tatu. Hilo la mlango msilikate.

Fainali ya Oktoba 2025 ilikuwa York, walioongoza jedwali, dhidi ya Toulouse. Toulouse walishinda 10 kwa 8, ugenini. Walipotangazwa wa kuingia Super League iliyopanuliwa kuwa na timu 14, Toulouse walikuwemo. York walioshindwa walikuwemo. Bradford, ambao hata fainali hawakufika, walikuwemo. Featherstone hawakuwemo.