Petrichor: Jina la Harufu

Shikamooni wazee wetu. Vijana, habari za jioni. Mlango msiufunge, tafadhali. Wingu limeshatanda huko juu Kibosho, huenda likanisaidia kufundisha.

Neno la leo ni petrichor. Tamka "petriko", ile ch isiwapeleke kwenye chai. Ni harufu inayopanda mvua ya kwanza ikigonga ardhi iliyokauka. Aliyekaa Moshi mpaka mwisho wa Februari, vumbi limemjaa kooni, hahitaji maelezo marefu.

Harufu ni ya tangu na tangu, ila jina ni rika la Muungano wetu. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliunga maneno ya Kigiriki: petra, jiwe, na ichor, ule umajimaji uliosemwa kupita katika mishipa ya miungu. Waligundua kwamba wakati wa ukame mafuta ya mimea hunywewa na mawe na udongo, kisha unyevu huyafukuza. Humo huchanganyika jiosmini, kemikali inayotengenezwa na bakteria wa udongoni.

Kwenye matumizi ndipo wengi huteleza. Niliwahi kusahihisha insha iliyotaja petrichor ya bahari. Nikaikata kwa wino mwekundu. Bahari imekauka lini? Hata mvua ya wiki ya tatu ya masika, inyeshe mgombani mpaka usione nyumba ya jirani, haina petrichor. Neno linadai ukavu kwanza. Tena halina wingi: hakuna petrichor mbili.

Wahindi wa Kannauj, kwa taarifa yenu, hawakumngoja Mgiriki. Huchoma udongo, wakaukeneka, mvuke wake ukaingia kwenye mafuta ya msandali: marashi ya ardhi yenye mvua. Na akina mama wajawazito wanaonunua udongo wa pemba sokoni, mkiwauliza, watawaambia harufu hiyo huwatoa mate.

Sasa, tulitafsirije? Kwenye kitabu cha sayansi, petriko sina ugomvi nayo. Kwenye hadithi naikataa. Kiingereza kilihitaji nomino. Sisi tuna kitenzi, na kitenzi chenyewe kinatofautisha kunuka na kunukia. Mvua imeanza, ardhi ikanukia. Msomaji wa Rombo ameshaelewa, na hajafungua kamusi.