Kasa Ana Kwikwi, na Habari ya Leso

ZUHURA: Yarekodi? Haya. Asalaam aleikum jamani, leo tuko wawili kama kawaida ila mmoja wetu hana raha.

KASSIM: Raha ninayo. Usingizi ndo sina.

ZUHURA: Sema basi, manake mie nishaisikia kwa Mama, na kwa alivyosimulia Mama wewe ulimrusharusha kutoka Matsangoni mpaka Gede kama yuko juu ya punda.

KASSIM: Sikumrusha mimi shemeji, gari lilishikwa na kwikwi. Ngoja nianze mwanzo. Jumapili tumetoka harusini Kilifi, tuko ndani ya Kasa, dadako mbele, Mama nyuma kwenye kitanda na watoto wawili na lile sufuria la pilau tulilofungiwa, kiyoyozi chafanya kazi, barabara nyeupe, nimepita Matsangoni naenda kama sabini hivi, mguu mwepesi kwenye mafuta, mara nasikia du-du-du-du-du. Sekunde mbili tatu, kisha shwari. Nikasema hayo ni yale matuta madogo madogo ya kuamsha madereva, naangalia kwa kioo cha nyuma, hakuna tuta. Mbele kuna kimlima, naongeza mafuta kidogo tu, du-du-du-du. Mama huko nyuma, "Kassim mwanangu, hii barabara wameikwatua lini?"

ZUHURA: Aliniambia alishika tasbihi.

KASSIM: Tasbihi mkono mmoja, sufuria mkono mwingine. Mama yule aogopa Mungu na apenda pilau, hajachagua.

ZUHURA: (anacheka) Haya, kwa wageni, Kasa ndo lile gari lao la kulala, la mwaka 1997, otomatiki, petroli, silinda sita, alilinunua kwa Mtaliano aliyekuwa anarudi kwao. Leo tumeandika mambo sita ya kukagua gari la namna hiyo likitetemeka unapoongeza mwendo. Ninayo karatasi hapa. La kwanza mimi nasema plagi.

KASSIM: Na mimi ndo nilianza kukukatalia kwa simu usiku ule.

ZUHURA: Kwa sababu gari la Malindi, hewa yenyewe chumvi, waya za plagi zimekuwa za nani, za 1997, usiku ukifunua uko gizani utaona cheche zaruka kama fataki. Gari likipiga misi latetemeka, ndo hivo.

KASSIM: Lakini misi ukikandamiza mafuta ndo yazidi, injini yabeba mzigo na silinda moja haichomi. Mimi nikikandamiza mpaka chini gia yashuka, injini yanguruma, gari laenda laini kama jahazi. Kwikwi yaja tu nikiwa na mguu mwepesi, kati ya sitini na themanini, ikishaingia gia ya juu. Halafu nikafanya jaribio moja kabla ya Gede, na hili nataka watu walishike. Angalia nyuma kwanza hakuna mtu. Mguu wa kulia uache kwenye mafuta vilevile, wa kushoto gusa breki. Si kukaza, kugusa tu, hata taa za nyuma ziwake basi. Ile du-du-du ikakatika pale pale. Nikaachilia breki, kitambo kidogo, hiyo yarudi.

ZUHURA: Na Mama nyuma awaka taa nyekundu bila kujua.

KASSIM: Mama alikuwa amefika mia na kitu kwenye tasbihi. Sasa kwa nini breki? Ndani ya gari la otomatiki, kati ya injini na giaboksi pana lile dude, tokikonvata. Chukua feni mbili zimeelekeana ndani ya oili, injini yazungusha moja, oili yaizungusha ya pili, hazigusani. Ni raha kwa kuondoka, lakini kwa mwendo mrefu yapoteza mafuta, kwa hiyo ukifika mwendo fulani kuna klachi ndani yake yazifunga feni zote mbili ziende pamoja. Hiyo ndo lokapu. Ukigusa breki tu, swichi ya taa za breki yaambia giaboksi iachie. Kwa hiyo ikiwa kwikwi yaondoka ukigusa breki, yaelekea si plagi. Hiyo klachi yashika yaachia, yashika yaachia, mara nyingi kwa sekunde moja, ndo ile du-du-du.

ZUHURA: Na fundi akasema?

KASSIM: Fundi simtaji. Hakuendesha hata hatua moja. Alipiga D, akapiga R, akatikisa kichwa kama daktari wa kwenye tamthilia, akasema giaboksi imekufa, leta nyingine eks-Japani, 65,000, na kazi mbali.

ZUHURA: Hata kijiti cha oili hakukitoa?

KASSIM: Kijiti nilikitoa mimi.

ZUHURA: Eeeh. Hapo ndo nilipokuwa nangoja. Ulikipangusa na nini?

KASSIM: Kwanza nataka niseme oili ya giaboksi hupimwa gari likiwa moto, injini inawaka, mahali pa tambarare, umepitisha gia zote ukarudi P...

ZUHURA: Na nini, shemeji.

KASSIM: Leso.

ZUHURA: Leso, yaani kanga. Ya nani?

KASSIM: Ilikuwa kwenye kiti.

ZUHURA: Kiti hakivai leso.

KASSIM: Sasa sikiliza. Ningechukua kile kitambaa cha fundi, cheusi toka utawala wa Kenyatta, ningeona nini? Kitu cheupe ndo kinasema ukweli. Oili ya giaboksi ikiwa nzima ni nyekundu, ukiitonesha kwenye cheupe yatambaa kama sharubati ya ukwaju iliyotiwa rangi. Hii ilitambaa ukingo kama chai ya rangi, katikati duara jeusi limekaa halisogei. Na harufu, mahamri yaliyosahauliwa kwenye mafuta. Hapo nikajua oili imeungua, na oili iliyoungua haiwezi kuifanya ile klachi ishike kwa utulivu.

ZUHURA: Doa kubwa kiasi gani?

KASSIM: Kama sahani ya kikombe.

ZUHURA: Kwenye pindo au kwenye mji, ile sehemu ya ndani?

KASSIM: Mji. Pindo lilikuwa jekundu, lingenificha rangi.

ZUHURA: Ya Rabi. Kwenye mji kabisa. Leso gani hiyo? Ina jina gani?

KASSIM: ...

ZUHURA: Kassim.

KASSIM: "WEMA HAUOZI".

ZUHURA: Ile tuliyonunua mimi na yeye Biashara Street! Mombasa! Tulizunguka maduka manne!

KASSIM: Na doa limekaa juu ya HA.

ZUHURA: Kwa hivo sasa inasoma...

KASSIM: "WEMA UOZI."

ZUHURA: (anacheka sana) Subiri. Subiri, nashindwa. Mume kamwandikia mkewe barua kwa oili ya giaboksi.

KASSIM: Sikukusudia.

ZUHURA: Na doti ni mbili shemeji, mbili, huwezi kwenda dukani ukasema nipe moja, na toleo lile lishaisha, wenye duka huleta maneno mengine, rangi nyingine, kwa hiyo hata ukitoa hizo 65,000 za giaboksi hupati leso ile. Umeifua?

KASSIM: Nimeiloweka na sabuni ya unga.

ZUHURA: Maji umetia?

KASSIM: Si nimekwambia nimeiloweka.

ZUHURA: Basi ishaoza, wema wenyewe. Mafuta hayatiwi maji kwanza! Unamwagia poda, au unga wa muhogo, ulale usiku unyonye, asubuhi unapukusa, halafu sabuni ya vyombo kavu unasugua kwa kidole, maji yanakuja mwisho. Nyumba nzima ya wanawake hukuuliza hata mmoja?

KASSIM: Nimuulize nani, yule mwenye leso?

ZUHURA: Kuna ujumbe hapa wa msikilizaji wa Mambrui, asema gari lake latikisika likiwa limesimama kwenye D, likienda halina shida.

KASSIM: Hilo aangalie maunti za injini, mipira imekufa. Na kama latikisika zaidi kadiri mwendo unavyoongezeka, hata ukiondoa mguu kwenye mafuta, hilo si injini wala si gia, aangalie tairi, propela, ule mhimili wa kupeleka nguvu kwa magurudumu, na krosi, viungo vyake. Twende mbele.

ZUHURA: Auliza tena, je leso ya mke inafaa kuliko tishu?

KASSIM: Huyo tumfunge mlango.

ZUHURA: Haya, tukaze kidogo. Safari ya Lamu kwa Maulidi umeahidi Mama, mpaka Mokowe kule kwenye boti ni zaidi ya kilomita 200. Utafanya nini na Kasa?

KASSIM: Namwaga oili. Nafungua sampu chini, lile trei la oili, nabadilisha filta, naangalia sumaku. Ile sumaku ikiwa na uji wa kijivu laini, hiyo ni klachi inakwisha pole pole, kawaida kwa umri wake. Ikiwa na vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole, basi namfuata yule fundi na deni lake. Kwa kumwaga chini yatoka nusu au pungufu, iliyobaki imekaa kwenye tokikonvata, kwa hiyo naweka mpya, naendesha wiki, namwaga tena, mara tatu. Na oili ni ile gari inayotaka, si yoyote nyekundu, ukitia ya CVT, yaani ya giaboksi za mkanda, kwenye giaboksi ya kizamani umejichongea.

ZUHURA: Mimi nasema usiguse.

KASSIM: Nilijua.

ZUHURA: Usiguse. Gari la marehemu Baba lilikuwa zima, wakamshauri oili ya gia haijawahi kubadilishwa, akabadilisha, wiki haikwisha likawa halirudi nyuma. Halirudi, Kassim! Tulilisukuma kutoka kwa maegesho ya msikiti na kanzu za watu. Gari kuukuu limezoea uchafu wake, ule unga wa klachi uliomo kwenye oili ndo unaoshika, ukiusafisha klachi zateleza.

KASSIM: Baba alibadilisha kwa sababu gani?

ZUHURA: Kwa sababu alishauriwa.

KASSIM: Alishauriwa kwa sababu gia ilikuwa yachelewa kuingia, uliniambia mwenyewe.

ZUHURA: Kuchelewa si kuteleza.

KASSIM: Kuchelewa ndo kuteleza kwenyewe! Lilikuwa lafa. Oili mpya ililikuta mauti.

ZUHURA: Wewe hukuwepo. Nilikuwepo mimi. Lilikuwa lachelewa miaka mitatu na laenda Mombasa na kurudi, oili ikaguswa, siku sita. Siku sita si bahati mbaya.

KASSIM: Basi hilo lilipitishwa mashine, ile ya kusukuma oili kwa nguvu, ile hata mimi siiafiki, yang'oa uchafu wote mara moja ukaziba njia. Mimi namwaga kwa mvuto wake tu.

ZUHURA: Hapakuwa na mashine. Ilikuwa ndoo.

KASSIM: ...Ndoo?

ZUHURA: Ndoo ya bluu. Nilikuwa nimeishika mimi.

KASSIM: Haya. Bado nitamwaga.

ZUHURA: Bado nasema utamwacha mamangu njiani Minjila na pilau lake. Bonyeza kile kitufe cha ovadraivu, zima gia ya juu, endesha sitini mpaka Mokowe. Mafuta utakula zaidi, sawa, lakini utafika.

KASSIM: Na joto? Oili imeungua tayari, wataka niipeleke kilomita 200 na injini yapiga kelele juu? Joto ndo lililoiua. Kila kilomita waipika tena.

ZUHURA: Ipikike. Imeshaiva.

KASSIM: Sikubali.

ZUHURA: Na mimi sikubali, na Mama ni wangu.

KASSIM: (kimya)

ZUHURA: Wasikilizaji, amenyamaza, naangalia karatasi. Koili hatujagusa. Waya za plagi nimezisema mimi, tena kwa kukosolewa. Propela umeitaja kwa pumzi moja. Kuna hili hapa la namba tano nimeandika "sensa ya...", siwezi hata kusoma mwandiko wangu.

KASSIM: Namba tano ni sensa ya mafuta, ile ya kujua umekanyaga kiasi gani, iko na...

ZUHURA: Hiyo adhana hiyo.

KASSIM: Magharibi tayari?

ZUHURA: Magharibi. Tulisema dakika thelathini, leso imekula kumi na tano. Swali moja kabla hatujazima. Ile ya pili ya doti iko wapi?

KASSIM: Kavaa leo.

ZUHURA: Subhanallah. Na hakuuliza mwenzake?

KASSIM: Asubuhi kauliza.

ZUHURA: Ukamwambia nini?

KASSIM: Nikamwambia iko kwa fundi.