Dawa, Samaki na Saa ya Mwili

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1971 watafiti Ronald Konopka na Seymour Benzer walionyesha kwamba kasoro katika jeni moja ya nzi wa matunda inaweza kuufupisha mzunguko wa saa yake ya mwili, yaani mdundo wa ndani wa karibu saa 24 unaopanga usingizi na mienendo, hadi saa 19, kuurefusha hadi saa 28, au kuuvuruga kabisa. Wao walianza na jeni. Njia nitakayoieleza leo huanza na kemikali: mnyama hupewa dawa, hutazamwa kwa siku kadhaa, kisha huulizwa ni sehemu gani ya saa yake iliyoguswa.

Mnyama anayenivutia zaidi kwa kazi hii ni samaki pundamilia mwenye umri wa siku chache. Urefu wake ni milimita 4 hivi, kwa hiyo hutosha katika kishimo kimoja cha sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Isitoshe, bado hutegemea kiini cha yai na hahitaji kulishwa, jambo lenye uzito wake, maana saa za chakula zenyewe huweza kusogeza saa za viungo kama ini. Dawa hutiwa majini. Kamera ya infraredi hurekodi mienendo yake usiku na mchana, na mchoro hupanda mchana na kushuka usiku, kwani samaki huyu hulala usiku.

Ugumu uko katika kuusoma mchoro huo. Samaki aliyetulia baada ya kupewa dawa huenda amelewa tu, au amedhuriwa na sumu, ilhali saa yake inakwenda kama kawaida. Tena, taa zikiwashwa na kuzimwa kwa ratiba, mnyama hufuata taa, na mwendo wa saa ya ndani hauonekani. Ndiyo maana samaki huzoeshwa kwanza mwanga na giza kwa zamu, kisha huachwa katika giza au mwanga hafifu usiobadilika. Vilele vya mchoro vikizidi kuchelewa siku hadi siku kuliko vya wenzao wasiopewa dawa, hapo nitakubali kwamba mwendo wa saa umebadilika; vikipungua kimo tu na kuja kwa wakati uleule, sitakubali.

Mara nyingi kemikali huchujwa kwanza katika seli zilizofanywa zing'ae na kufifia kwa kufuata saa iliyo ndani yake, kwa kuwa ni rahisi kupima maelfu. Hivyo ndivyo kemikali iitwayo longdaysin, iliyotangazwa mwaka 2010, ilivyopatikana: ilirefusha mzunguko wa seli za binadamu kwa zaidi ya saa 10. Huzuia vimeng'enya, vikiwemo vya jamii ya kasein kinasi 1, ambavyo kwa kawaida huiwekea PER, mojawapo ya protini zinazoendesha saa ya mwili, alama ya kuharibiwa. PER ikidumu, mzunguko hurefuka. Lakini seli haina ini la kuivunja dawa wala ubongo wa kuratibu viungo, kwa hiyo watafiti waliijaribu pia kwa samaki pundamilia walio hai, na mdundo wao ukarefuka vilevile.