Tuunde redio ya mrejesho ya kusikilizia mita 40

Habari zenu watazamaji, na shikamooni wakubwa zangu. Niko nyumbani Ngamiani, Tanga, barazani kama mnavyoona. Kamera ameshika mpwa wangu, kwa hiyo picha ikiyumba mlaumuni yeye. Leo tunaunda redio ya kuwasikiliza watu wa redio za ridhaa, wale wanaoongea wao kwa wao kwenye masafa mafupi ya mita 40, bila studio wala matangazo ya biashara. Ina transista moja ya kunasa mawimbi na IC moja, kidude chenye saketi nzima ndani yake, ya kukuza sauti, basi.

Kabla sijashika kitu niwaeleze inavyofanya kazi, maana ukilielewa hili mengine yote mepesi. Nani hajawahi kwenda harusini, MC akajisahau akasogea na maikrofoni mbele ya spika? Inapiga mluzi mpaka watu wanaziba masikio. Sauti inatoka spikani, inaingia kwenye maikrofoni, inakuzwa, inatoka tena, inaingia tena. Redio hii inafanya hivyohivyo, ila na mawimbi yenyewe kabla hayajawa sauti. Transista inakuza kidogo, tunarudisha sehemu ya kilichokuzwa mlangoni, kinakuzwa tena; huo ndio mrejesho. Ukiisogeza hadi karibu na mluzi lakini usiuvuke, transista moja inafanya kazi ya transista kadhaa. Aliyelibuni jambo hili ni Edwin Armstrong wa Marekani, mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na hataza akaipata 1914.

Haya, vifaa. Tafuta redio ndogo ya mfukoni iliyokufa, ya zamani. Ndani yake tunataka vitu viwili: kapasita ya kutafutia stesheni, hiki kidude cha plastiki chenye kishikio, na transfoma ndogo ya sauti, hii hapa, haizidi ukucha wa dole gumba. Redio mpya zenye IC tupu hazina hiyo transfoma, ndiyo maana nasema ya zamani. Nunua transista ya aina ya FET, MPF102 au J310, na IC ya LM386. Volyumu tatu za omu elfu 10. Diodi ya 1N4007, ile ya kwenye chaja. Resista na kapasita chache nitazitaja tukifika. Kipande cha bomba la plastiki la maji chenye upana wa milimita 25 kwa nje. Waya wa shaba wenye vanishi, unene wa nusu milimita, mwombe fundi anayesuka mota, mabaki yake yanakutosha. Betri sita za rimoti, jumla volti 9. Usitumie chaja ya simu kama umeme wa redio hii, utasikia chaja peke yake.

Kibao changu ni cha kukatia vitunguu. Mwenyewe hajajua bado. Nimegongelea misumari midogo ya shaba, kila kiungo nakilehemu juu ya msumari.

Sasa koili. Mjomba, sogea hapa, onyesha vidole vyangu. Toboa bomba tundu dogo, pitisha waya, uache mkia wa sentimita 10. Suka zamu 14 zilizobanana, kila waya umeulalia mwenzake, usipishanishe. Mimi nabana bomba magotini na kuzungusha bomba, siyo waya, namna hiyo waya haujikunji. Ukifika 14 toboa tundu jingine, ufunge. Hiyo ndiyo koili kuu. Acha milimita 3, halafu suka zamu 4 kuelekea mwelekeo uleule. Hiyo ni koili ya mrejesho. Upande wa pili wa bomba, mbali kidogo, suka zamu 2 za antena. Kwangua vanishi kwenye ncha kwa wembe mpaka shaba ing'ae. Watu wengi huruka hapa, wanalehemu juu ya vanishi, kisha wanasema saketi mbovu.

Ncha ya koili kuu iliyo karibu na zile zamu 4 ndiyo inayokwenda athi, yaani upande hasi wa betri. Ncha ya juu inakwenda kwenye kapasita ya kutafutia stesheni, ule upande wa AM unaofika kama pikofaradi 140, na mguu wa kati wa kapasita unakwenda athi. Kwa zamu hizo unapata takriban megahezi 5 hadi 13, na tunayoitaka ipo katikati humo: mita 40, yaani megahezi 7.0 hadi 7.2.

Kutoka ncha hiyo ya juu weka kapasita ya pikofaradi 100 kwenda geti ya transista (miguu yake mitatu ni geti, sosi na dreni), na kutoka geti resista ya omu milioni 1 kwenda athi. Sosi moja kwa moja athi. Dreni inakwenda kwenye koili ya mrejesho, ncha ile iliyo mbali na koili kuu. Ncha ya karibu inakwenda kwenye transfoma, na hapohapo weka kapasita ya nanofaradi 1 kwenda athi. Mguu wa pili wa transfoma unakwenda kwenye mguu wa kati wa volyumu ya kwanza. Miguu ya pembeni ya volyumu hiyo, mmoja volti 9, mmoja athi. Mguu wa kati upewe kapasita ya maikrofaradi 10 kwenda athi, isikwaruze ukiizungusha. Volyumu hii ndiyo moyo wa redio, ipe kishikio kikubwa.

Angalieni miguu ya transista. MPF102, ukitazama uso bapa miguu ikiwa chini, kushoto ni dreni, katikati sosi, kulia geti. Transista nyingine zinapangwa tofauti. Mimi niliuziwa moja kwa jina la MPF102, nikahangaika nayo siku mbili, kumbe ndani ni kitu kingine kabisa. Pima na mita kabla hujalehemu.

Sauti sitakaa nayo sana. Upande wa pili wa transfoma unapita volyumu ya pili, kisha mguu wa 3 wa LM386. Mguu wa 2 na wa 4 athi, wa 6 volti 9, wa 5 kupitia maikrofaradi 220 kwenda spika za masikioni. Kati ya mguu wa 1 na wa 8 weka maikrofaradi 10, ukuzaji unafika mara 200.

Volyumu ya tatu ni ya kutafutia pole pole. Kapasita kubwa ukiigusa kidogo inaruka stesheni kumi. Kwa hiyo kutoka ncha ya juu ya koili weka pikofaradi 10 kwenda kwenye upande wa diodi wenye mstari, upande wa pili athi. Kwenye mstari huohuo leta resista ya omu laki 1 kutoka mguu wa kati wa volyumu, ambayo pembeni zake zimeunganishwa volti 9 na athi. Diodi iliyopewa volti kinyume hugeuka kapasita ndogo, na volti zikipanda inapungua. Ya dukani maalumu ipo, lakini hii ya kawaida inafanya kazi.

Antena ni waya wa mita 10, unaungwa kwenye ncha moja ya zile zamu 2, na ncha nyingine inakwenda athi. Mimi nimeupandisha kwenye mnazi kwa kamba ya katani, Tanga hatuna shida ya katani. Lakini katani ikilowa inapitisha umeme, kwa hiyo kati ya waya na kamba nimeweka kipande cha chupa ya plastiki. Usipitishe waya karibu na nyaya za umeme za TANESCO, hata kama mnazi wako mzuri uko huko. Masika ukisikia ngurumo, chomoa antena uitupe nje. Na kwa sisi wa pwani, paka mafuta ya grisi kwenye viungo vya nje, chumvi inakula shaba. Athi ni chuma cha nusu mita kilichopigwa pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa, udongo haukauki.

Tuwashe. Volyumu ya mrejesho iwe chini. Ipandishe taratibu... taratibu... sikiliza. Mnasikia mvumo unavyoongezeka kama mvua inayokuja kwa mbali? Halafu "pok". Hapo imeanza kupiga yenyewe. Kama haikusema kitu hadi mwisho, badilisha ncha mbili za koili ya mrejesho. Ndilo kosa la kwanza la kila mtu. Ikiwa inapiga tangu mwanzo na haizimiki, punguza zamu moja.

Stesheni za kawaida, ambazo ziko juu ya 7.2, zisikilize chini kidogo ya "pok". Morsi, zile herufi za milio mifupi na mirefu, na sauti za watu wa ridhaa zisikilize juu kidogo yake. Sauti zao zitakuja kama bata, kisha zungusha ile volyumu ya diodi unywele kwa unywele mpaka bata awe mtu. Mkono ukikaribia na sauti ikahama, weka bati la debe nyuma ya volyumu, ulipeleke athi.

Jambo moja la adabu. Ikivuka "pok" redio hii inarusha mawimbi kidogo kupitia antena na inaweza kumsumbua jirani mwenye redio. Ndiyo maana antena nimeipa zamu 2 tu, tena kwa mbali. Usizidishe. Na kurusha kwa makusudi kunahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania.

Mchana mita 40 hazifiki mbali sana. Jua likizama, tabaka la chini la anga linalomeza mawimbi linapotea na dunia inafunguka. Sikiliza wanaojitaja kwa alama za mwito zinazoanza na 5H, hao wa Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda. Sasa magharibi imeshaingia. Zima taa za LED, zima televisheni. Bado kuna mvumo hapa, mnausikia, kama nyuki. Si redio. Mjomba, ni hiyo simu yako unayorekodia. Zima kamera tusikilize.