Nyumba Yangu Ina Kura Saba

Mhadhara kwa wazazi na vikundi vya akiba, Busia, Uganda, Desemba 2025

Asanteni. Kaeni, kaeni. Nusu ya walio mbele hapa niliwafundisha hesabu darasa la tano, kwa hiyo nikikohoa tu mnasimama. Leo sina fimbo.

Mmeniita niseme juu ya familia na siasa, na mnajua nitasema nini, maana nimeshalisema harusini, nimelisema matangani, na mwaka jana nililisema kwenye mkutano wa wazazi mpaka mwalimu mkuu akanigongea kengele. Nalisema tena. Wakala wa mgombea akifika nyumbani, anamwita nani? Baba. Wanakaa chini ya mwembe, wakala anafungua daftari, anauliza: "Mzee, hapa mko wangapi?" Na mzee, bila hata kugeuka kutazama jikoni, anajibu: "Nyumba yangu ina kura saba."

Saba! Moja ni yake. Sita amezitoa wapi? Moja ni ya mkewe. Moja ni ya mama yake mzazi, aliyepiga kura mwaka 1980 huyo mzee akiwa bado hajajua kuvaa suruali. Nne ni za watoto waliotimiza miaka 18, na mmoja wao yuko Kampala anaendesha boda, hajaonekana tangu Pasaka. Mzee anapokea kilo mbili za sukari na mche wa sabuni, biashara imekwisha. Hapo sokoni kwetu huwezi kuuza hata mukene, hawa dagaa, wa jirani bila kumwuliza mwenyewe, lakini kura ya mama yako unaiuza bila yeye kusikia bei.

Nasikia wanaume kule nyuma mnaguna. "Mwalimu, mwanaume ndiye kichwa cha nyumba." Sawa, kiwe kichwa. Nendeni mkatazame daftari la wapiga kura. Majina yamepangwa kwa alfabeti, hayakupangwa kwa ndoa. Mimi na mzee wangu hatuko hata ukurasa mmoja. Mwingine atasema nafundisha wake zenu ukaidi. Wake zenu wameanza ukaidi zamani, ila hawajawaambia tu.

Mimi kura yangu ilionekana. Julai 2018, uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa kwanza tangu 2001, na tukaambiwa tujipange. Hakuna karatasi: unasimama mstari nyuma ya umtakaye, jua liko utosini, kijiji kizima kinakutazama. Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni binamu wa mume wangu, mtu mzuri, anayeimba vizuri kanisani, na uimbaji ndiyo sifa yake yote. Wa pili ni mama mmoja muuza mitumba ambaye aliwahi kunikopesha pesa za hospitali usiku wa manane bila kuniuliza nitalipa lini.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mume wangu aliniambia: "Kesho tunasimama kwa ndugu yetu." Tunasimama. Nikasema, "Eeh." Kina mama, ile "eeh" mnaijua.

Asubuhi nikaenda nikasimama nyuma ya mama wa mitumba. Mbele yangu binti mmoja na mtoto mgongoni. Yule mtoto akanikazia macho kama anajua ninachofanya. Mstari wa pili, mama mkwe wangu ameletewa kigoda, amekaa, ananitazama mimi tu. Nilikuwa na mwavuli. Nikaushusha kidogo, nikaona haya, nikaupandisha tena.

Ikaja hesabu. Msimamizi anapita mstari mzima, anamgusa kila mtu begani, anataja namba kwa sauti. Mawakala wanamfuata na kalamu, na wakala wa yule binamu alikuwa nani? Mume wangu. Nilimsikia anakuja. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini. Mkono ukatua begani kwangu: "Thelathini na moja." Mume wangu hatua mbili nyuma yake, akaandika. Nilimwona akiandika. Miaka ishirini na minane ya ndoa, ndiyo siku aliyonijumlisha.

Ndugu yetu akashindwa kwa watu 11. Kumi na mmoja! Mimi ni mwalimu wa hesabu. Hata ningehama mstari, pengo lingebaki tisa. Nilimchorea mume wangu kwenye karatasi, mstari huu na mstari ule, na mshale wa mimi nikivuka. Akaikunja karatasi akaitia mfukoni, hakusema neno.

Na hakusema neno wiki tatu. Alizungumza nami kwa mdomo wa mjukuu. Tumekaa mkeka mmoja, sahani zinagusana, mtoto yuko katikati. "Mwambie bibi yako chumvi imezidi." Mtoto ananigeukia: "Bibi, babu anasema chumvi imezidi." "Mwambie babu yako chumvi ni ileile ya jana." Alikuwa na miaka minne. Alichoka kabla yetu.

Kilichotuokoa ni muhuri. Mume wangu alihitaji barua ya LC kwa ajili ya kiwanja, na barua bila muhuri wa mwenyekiti ni karatasi ya kufungia karanga. Mwenyekiti sasa ni nani? Mama wa mitumba. Jioni hiyo akamwambia mtoto: "Mwambie bibi yako aende yeye." Nikaenda. Barua ikaandikwa, muhuri ukapigwa, nikairudisha nikaiweka juu ya redio. Asubuhi yake akanisalimu. Msiniulize kuhusu msamaha. Niulizeni kuhusu kiwanja.

Kuna wasomi watanijibu: "Mwalimu, mlolongo, huku kusimama mstari, hauibiki, kila mtu anaona." Ndiyo, kila mtu anaona, na mama mkwe naye anaona. Halafu nani amewaambia hauibiki? Wanahesabiwa watu mia mbele ya macho yenu, karatasi inafika makao makuu imeandika mia mbili. Karatasi haina mabega ya kugusa. Katiba ya 1995, kifungu cha 68, ilisema kura iwe ya siri na sanduku liwe moja kwa wagombea wote, kwa sababu walioiandika walikumbuka 1980, kila chama na sanduku lake. Lakini sheria ikaacha mlango wa kura ya mstari kwa uchaguzi wa vijijini. Chama tawala nacho kikaupenda mlango huo kwa mchujo wake, na Julai hii mmejionea wenyewe nani alitoka kwenye mstari na nani alitoka na jino pungufu.

Ndiyo maana nalipenda beseni. Wageni hulicheka. Wamezoea vibanda na mapazia, wanakuja kwetu wanakuta meza uwanjani na juu yake beseni la plastiki, lilelile la kuogeshea mtoto. Lakini wewe mwanamke, hebu niambie: kwa siku nzima ni wapi pengine unapoinamisha kichwa na hakuna mtu anayeuliza unafanya nini? Tarehe 15 Januari 2026, siku ya uchaguzi mkuu, utapewa karatasi, utaiingiza humo, utaweka alama. Nusu dakika. Wakala yuko mbali, shemeji yuko mbali, na mzee wa kura saba anasubiri zamu yake juani kama kila mtu.

Ukirudi nyumbani ukiulizwa, sijasema udanganye. Mimi ni mwalimu. Jibu "eeh."

Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema juu ya vijana na simu. Haraka basi: Januari 2021 intaneti ilizimwa siku tano, na wengine wetu tulikuwa na watoto Kampala hatujui wamelala wapi. Iliporudi, neno la kwanza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wangu halikuwa "mko salama?" Lilikuwa tusi, mtu alikuwa amelihifadhi siku zote tano. Mwaka huu nimewaambia wa kwetu, namba ya kila mtu iandikwe pia kwenye daftari, na kwenye kundi salamu zitangulie. Na kiti cha mwanamke mbunge wa wilaya, kile kilichotengwa kwa wanawake tu, ambacho waume zetu ndio wanaotuchagulia mwanamke wa kukikalia, hicho kina siku yake. Nialikeni tena.

Mzee wangu yuko nje na pikipiki, hapendi kungoja. Wakala alifika kwetu wiki iliyopita na daftari lake. Safari hii mzee alimjibu: "Hapa kuna kura yangu. Nyingine wafuate wenyewe jikoni." Wakala akaondoka na sukari yake. Jana mezani mzee akaniuliza nitampigia nani. Nikamwambia aniulize 2031. Akanywa, akasema chai haina sukari. Mjukuu alikuwapo hapohapo, lakini alinitazama mimi, akaniambia mwenyewe.